Seva Kamili au Kiunzi Chepesi? Historia ya Uamuzi katika Mifumo ya Taasisi, 1999–2022

Makala hii inajadili uamuzi unaozikabili taasisi zinazojenga mifumo kwa lugha ya Java: kutumia seva kamili ya programu au kiunzi chepesi. Hoja yake ni kwamba uzito pekee si kigezo cha kutosha.

Mwaka 1999 kampuni ya Sun Microsystems ilitoa viwango vya J2EE. Seva iliyofuata viwango hivyo ilisimamia miamala, usalama na ujumbe kwa niaba ya mwandishi wa programu. Faida hiyo ilikuwa na gharama. Katika EJB 2, kijenzi kimoja kilidai violesura kadhaa pamoja na faili la maelezo la XML, na ilikuwa vigumu kukijaribu nje ya seva.

Mwaka 2002 Rod Johnson alichapisha kitabu kilichohoji desturi hiyo. Msimbo ulioambatana nacho ulizaa Spring, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2004. Klasi za kawaida za Java sasa ziliweza kupata huduma ya miamala ndani ya Tomcat, pasipo seva kamili. Watunga viwango nao walijifunza: Java EE 5 ya mwaka 2006 ilirahisisha vijenzi na kupunguza XML.

Afrika Mashariki ina mfano wake. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006, ulijengwa juu ya Spring na Hibernate, ukaendeshwa ndani ya Tomcat. Kwa kituo chenye hifadhidata moja, njia hiyo ilitosha. Benki inayounganisha hifadhidata kadhaa na foleni za ujumbe katika muamala mmoja ilikuwa na sababu nzito zaidi ya kuchagua seva kamili.

Hata hivyo, wepesi haukuondoa utegemezi. Jakarta EE 9 ya mwaka 2020 ilibadili majina ya vifurushi kutoka javax kuwa jakarta. Spring 6 ya mwaka 2022 ikafuata. Pande zote mbili zililazimika kurekebisha msimbo.

Kwa hiyo, kabla ya kutia saini mkataba, mshauri wa sera aulize: je, miamala yetu inavuka mifumo mingapi? Nani hapa nchini ataitunza programu hii? Na bajeti ya kuihamisha iko wapi? Taasisi isiyo na majibu haijachagua bado. Imechaguliwa na muuzaji.