Nguruwe kwenye kikombe cha wageni

Kuna msemo nimeuchoka: ati Kiswahili ni lugha ya kukopa. Meza tumetoa kwa Mreno, shule kwa Mjerumani, kitabu kwa Mwarabu. Sawa, ni kweli. Na Kiingereza je? Hebu twende Gede kidogo.

Kama hujawahi kuingia pale magofuni, ni mji wa mawe ndani ya msitu, karibu na njia ya kwenda Watamu. Watu waliishi pale tangu karne ya 12 hivi, wakauhama karne ya 17. Mwaka 1948 Mwingereza James Kirkman alianza kuchimba, na nyumba nyingi akazipa majina ya vitu alivyovikuta ndani. Kuna House of the Cowries. Kuna House of the Porcelain Bowl.

Juzi narekodi video, natafsiri majina hayo kwa Kiswahili. Ya kwanza: Nyumba ya Kauri. Ya pili: Nyumba ya Bakuli la... kauri. Nikakwama. Yaani simbi la baharini ni kauri, na vile vikombe vya wageni ambavyo bibi anafungia kabatini, mtoto haruhusiwi hata kuvigusa, pia ni kauri? Nikaona aibu. Nikasema hapa ndipo lugha yetu imeishiwa maneno.

Nikaenda kusoma. Kumbe neno porcelain limetoka kwa Waitaliano, porcellana, na maana yake ya kwanza ni hilohilo simbi. Walipoona vyombo vya Kichina vinang'aa vile, wakavipa jina la kauri. Marco Polo, karne ya 13, analitumia neno hilo moja kwa vyote viwili. Sasa ngoja: porcellana yenyewe inatokana na porcella, nguruwe jike mdogo, kwa sababu ya umbo la simbi. (Usimwambie bibi.) Wafaransa wakalichukua, Waingereza wakalichukua kwa Wafaransa. Baadaye wakahitaji jina la simbi lenyewe, wakaenda kukopa India: cowrie. Ni kauri yetu hiyohiyo, nasi tumeitoa hukohuko.

Kwa hivyo Mswahili na Mwitaliano walitazama mng'ao uleule wakafikiria kitu kilekile. Tofauti ni kwamba sisi tumelishika neno moja hadi leo, na Mwingereza amekopa mara mbili, halafu mimi ndiye naona aibu!

Na si hiyo tu. Pale pale kuna House of the Chinese Cash. Hiyo cash ni sarafu ya Kichina yenye tundu la mraba katikati, na jina lilifika kwa Waingereza kupitia Wareno, kutoka Kitamil. Cash ya mfukoni mwako ni neno lingine kabisa, lilianza kama sanduku la kuwekea pesa. Kasha la nguo la nyumbani kwenu ni binamu yake, lilikuja na Wareno.

Tena bakuli hizo zilifikaje? Kwa jahazi, kwa upepo wa kaskazi. Waingereza wanauita monsoon, neno walilopata kwa Wareno, nao Wareno kwa Waarabu: mausimu. Sisi tunasema msimu. Shuleni ukisema monsoon umesoma, ukisema msimu unavalishwa kibao shingoni hadi jioni. Mimi nilikivaa sana darasa la sita. Siku moja ilikuwa ni kwa neno kauri, nilipoulizwa kikombe kimetengenezwa kwa nini, na darasa zima likacheka.

Video nimeiacha vilevile. Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Bakuli la Kauri. Mkinisikia narudia neno, sijakosea.