Kompyuta bila disiki: historia ya disiki moja inayoamsha chumba kizima

Butembo na Beni – Katika maduka ya miji hii miwili kunauzwa kompyuta zilizokwisha kutumiwa ng'ambo. Disiki yake ikikufa, wengi wanaitupa mashini yote. Kumbe kompyuta inaweza kuamka bila disiki yake, kwa kutumia ya mwenzake kupitia kable. Mbinu hiyo ina miaka zaidi ya 40.

Ilitokea Marekani, kwa sababu ya bei. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, disiki ilikuwa ghali mno kuwekwa kwenye kila meza. Mwaka wa 1984, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliandika kanuni ya RARP: mashini ikiwashwa inauliza mtandao mzima «Anwani yangu ni ipi?», na seva inaijibu. Mwezi wa Septemba 1985, Bill Croft wa Stanford na John Gilmore wa kampuni ya Sun Microsystems walitoa BOOTP, inayotaja pia faili ya kuanzia. Mashini inaleta faili hiyo, mfumo unaamka, kisha programu na kazi zote zinasomwa kwenye disiki ya seva kana kwamba ni yake yenyewe.

Disiki ziliposhuka bei, hamu ilipungua. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Intel ilitoa kanuni ya PXE, ambayo leo imo ndani ya kompyuta nyingi za mezani. Mwaka wa 1999 Jim McQuillan wa Marekani alianzisha LTSP, programu ya bure ya Linux. Afrika Kusini, mradi wa tuXlabs uliitumia kufungua vyumba vya kompyuta mashuleni.

Kwa shule ya Butembo au Beni, faida iko wazi. Intaneti haihitajiki: seva, swichi na kable vinatosha, na mwalimu anatunza disiki moja tu.

Lakini hatari nayo imekusanyika pale pale. Umeme ukikatika ghafula, mashini za wanafunzi hazina disiki ya kuharibika. Disiki ya seva ndiyo inayobeba kazi za wote, na ikikufa hakuna hata mashini moja itakayoamka. Kwa hiyo pesa zinazookolewa kwenye disiki zinunue kwanza betri ya seva, na disiki ya pili ya kuwekea nakala.