Kutoka Mbegu hadi Mbegu: Utafiti wa Pamoja katika Kituo cha Mir, 1990–1997

Kumalizika kwa Vita Baridi kuliwageuza Warusi na Wamarekani kutoka washindani wa anga hadi wakazi wa kituo kimoja. Juni 1992, Rais George Bush na Rais Boris Yeltsin walikubaliana juu ya safari za pamoja, na kati ya 1995 na 1998 Wamarekani saba waliishi kwa zamu katika kituo cha Mir. Kipindi hicho hukumbukwa zaidi kwa ajali zake. Hata hivyo, uzito wa ushirikiano huo hudhihirika vyema zaidi katika Svet, kisanduku cha kuoteshea mimea.

Svet kilibuniwa na wanasayansi wa Bulgaria pamoja na wenzao wa Urusi, kikafikishwa Mir mwaka 1990 ndani ya moduli ya Kristall. Baadaye Wamarekani walikiongezea vifaa vya kupima gesi. Swali lilikuwa moja: je, mmea waweza kukamilisha maisha yake, kutoka mbegu hadi mbegu, pasipo uzito? Jibu lingeamua iwapo wasafiri wa mbali wangeweza kujilimia chakula.

Mwaka 1996 Shannon Lucid alishiriki kupanda ngano fupi. John Blaha akaivuna mwezi Desemba. Masuke yalikuwa mengi, lakini matupu. Uchunguzi ulibaini kuwa chanzo kikuu kilikuwa etilini, gesi iliyokuwa imejaa katika hewa ya kituo, wala si ukosefu wa uzito.

Tarehe 25 Juni 1997, chombo cha mizigo cha Progress kiligonga moduli ya Spektr. Hewa ilipoanza kuvuja, Vasily Tsibliyev, Aleksandr Lazutkin na Michael Foale waliondoa nyaya zilizopita mlangoni na kuifunga moduli hiyo. Vifaa vingi vya Wamarekani vilibaki ndani, umeme ukapungua, na baadhi ya wabunge wa Marekani wakataka safari zisitishwe.

Svet kilinusurika. Foale aliendelea kuitunza mimea ya jamii ya haradali, akiyachavusha maua kwa mkono. Mbegu zilizopatikana zilipandwa humo humo, zikaota. Hivyo, swali lililokuwa limeulizwa na mataifa matatu lilipata jibu katika miezi ileile ambayo ushirikiano wao ulikuwa mashakani kuliko wakati mwingine wowote.