Dhahabu hailiwi: mpango wetu wa mchezo na mpango wa Kilo-Moto



Jumamosi moja tulikuwa watu wane mbele ya kompyuta moja, batri ya sola chini ya meza, tunacheza Civilization VI. Kwa wenye hawaijui: ni mchezo wa zamu. Unaanza mwaka 4000 kabla ya Yesu, unajenga miji, unamaliza zamu, unamwachia mwenzako kiti. Tulikuwa timu moja dhidi ya mashini, kila mtu na nchi yake, kwa hiyo tulikaa kwanza na karatasi. Mwenye alisoma uchumi alichukua dhahabu. Wa sheria alichukua mapatano na majirani. Wa tatu, jeshi. Mimi wa agronomi walinipa Kongo, wakaniambia: "Chakula tutaona pale mbele."

Hiyo "pale mbele" ndiyo ilituangusha. Katika mchezo ule, mji wa watu 1 unaruhusiwa mtaa mmoja tu wa kazi: soko, chuo ao kambi. Wa pili unangoja watu wafike 4, wa tatu wafike 7. Na watu hawaongezeki bila chakula. Sisi tulijaza migodi kila kilima. Kisha zamu mia tulikuwa na sarafu nyingi na miji midogo-midogo. Mashini ikatupita kwa elimu, halafu ikatupiga. Tulicheka, lakini mimi usiku ule niliwaza Kilo.

Mwaka 1903, wakati nchi ilikuwa bado mali ya Léopold II, watafutaji wawili toka Australia, Hannam na O'Brien, walikuta dhahabu kwenye mto Agola. Mwaka 1905 uchimbaji ukaanza. Mwaka 1926 migodi ya Kilo na ya Moto ikawekwa chini ya kampuni moja. Mpango ule ulifanana na wetu: dhahabu kwanza. Lakini maelfu ya wafanyakazi wanakula kila siku. Nani atawalisha? Na kile chakula kitapita wapi? Reli ya Vicicongo ilianza kujengwa toka Aketi mwaka 1924, ikafika Mungbere mwaka 1937 tu. Mbele ya barabara na reli, mizigo ilitembea juu ya vichwa vya watu.

Jibu likawa kijiji. Chefu akaamriwa kutoa vijana wa kuchimba, watu wa kubeba, na chakula cha kambi. Na sheria ya mwaka 1917 ikaruhusu serikali kumlazimisha mkulima kulima zao lenye inataka yeye, mpaka siku 60 kwa mwaka. Hapa naongea kama mtu wa shamba. Siku 60 kwenye karatasi zinaonekana kidogo. Lakini mvua ni moja: pamba inapoomba palizi, maharagi na mahindi ya nyumbani pia yanaomba palizi. Palizi haingoji. Anayechukua siku hizo anachukua chakula cha mwaka mzima. INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo yenye kituo chetu cha Nioka kilikuwa chini yake, ilizaliwa mwaka 1933, miaka 28 kisha Kilo kuanza kuchimbwa.

Tofauti na mchezo ni hii. Pale kwenye skrini, Kongo ni mchezaji: inaongozwa na Mvemba a Nzinga, inapanga, inakataa, inadanganya hata. Mvemba a Nzinga wa kweli, mwenye alibatizwa Afonso mwaka 1491, alimwandikia mfalme João III wa Ureno mwaka 1526, akilalamika kwamba wafanyabiashara wanabeba watu wake, hata watoto wa wakubwa, kwenda kuwauza. Alikuwa anaomba kuhesabiwa kama mchezaji, na biashara ile iliendelea. Miaka 400 baadaye, kijiji cha Kilo hakikuwa hata na meza ya kupelekea barua. Kwenye mpango wa kampuni kilikuwa kipande cha ramani: kinatoa watu kadhaa, vikapu kadhaa.

Ningeishia hapo kama mimi mwenyewe ningekuwa msafi. Sivyo. Msimu uliopita sisi wane tulikodi hekta moja nje ya mji. Karatasi ilikuwa nzuri: mmoja makuta, mmoja usafiri, mmoja soko, mimi mbegu na nafasi za kupanda. Wamama wa palizi tuliwaandika kwa mstari mmoja: "kazi ya mikono", na bei pembeni. Ile wiki ya palizi hakuna mwenye alikuja. Nikaenda kwa mama mmoja kuuliza. Akaniambia bila hasira: "Mwanangu, shamba yangu pia iko." Majani yakashinda mahindi. Tulivuna chini ya nusu ya kile tulitumainia.

Mwenye lisansi ya agronomi, nimeandika mtu kama kipande cha ramani.

Sasa msimu mwingine unakaribia. Wenzangu wawili wanasema tuache kilimo, makuta yaende kwenye karyeri za Mongbwalu, dhahabu inalipa haraka. Siwezi kuwadharau, wako na watoto wa kusomesha. Mimi nimependekeza kitu kingine: mama yule na wenzake wawili waingie katika timu, wapate sehemu ya mavuno, na tarehe ya kupanda tuipange nao, shamba lao kwanza, letu wiki mbili kisha. Tunakutana Jumapili kisha misa. Safari hii viti vitakuwa saba, na chakula ndicho kitaandikwa mstari wa kwanza.

Wewe ungeanza na nini? Andika hapa chini.