Uradi katika Njia ya Pembe: Kadiria baina ya Bagamoyo na Tabora

Historia ya Tabora, kituo kikuu cha misafara ya karne ya 19 huko Unyanyembe, imeandikwa zaidi kwa mizani ya pembe za ndovu. Mizani hiyo haipimi kila kilichopita njiani. Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, alizaliwa mashariki ya Kongo, akachukuliwa utumwani angali mtoto na kufikishwa Bagamoyo, nyumbani kwa Amir bin Sulaiman al-Lamki. Huko alisoma, akapata uhuru, na hatimaye akawa khalifa wa Kadiria. Alipofariki mwaka 1931, tarika hiyo ilikuwa imekwishaota mizizi Tabora na Ujiji, kandokando ya njia ya misafara.

Kwa nini ilipokewa? Jibu la kawaida, kwamba zikiri ilifanana na ngoma, ni jepesi mno. Elimu ya fikihi ilidai miaka ya kusoma Kiarabu. Uradi ulidai pumzi, ulimi na subira, na mpagazi wa Kinyamwezi angeweza kuuleta hata kambini. Halka nayo iliweka bega la mtumwa wa jana kando ya bega la mwungwana. Usawa huo haukuwa kamili, kwani muridi alipaswa kumtii sheikhe wake. Hata hivyo, asiye na ukoo mjini alipata silsila, mnyororo wa walimu unaorudi hadi kwa Abdulqadir al-Jilani wa Baghdad na kuendelea hadi kwa Mtume. Ikumbukwe kuwa Abdallah, mtumwa wa Mungu, ndilo jina ambalo aghalabu waliandikiwa watu ambao baba zao hawakujulikana.