Neno "Utente" katika Kireno cha Ureno

Asili ya neno utente ni kitenzi cha Kilatini uti, yaani kutumia. Nchini Ureno ndilo jina la mtu anayestahiki huduma ya umma. Wabrazili husema usuário, neno la mzizi uo huo. Uzito wake ulidhihirika mwaka 1979, Sheria Nambari 56 ilipounda Huduma ya Taifa ya Afya kwa raia wote. Doente ni mwenye maumivu, na cliente ni mnunuzi; utente si lazima augue wala anunue, kwani hata mzima wa afya anayo nambari yake. Katiba ya mwaka 1976 iliahidi huduma hiyo bure. Yaliporekebishwa maandishi yake mwaka 1989, kabla ya gratuito liliongezwa neno tendencialmente, yaani "kwa kuelekea". Kielezi hicho kilimpunguzia utente mengi.