Daftari, Ubao na Kioo cha Kompyuta

Aingiaye katika ofisi ya mwalimu mkuu wa shule ya msingi nchini Tanzania aghalabu hukuta ubao ukutani, umegawanywa kwa safu: darasa, wavulana, wasichana, jumla. Ubao huo ni sura ya shule kwa macho ya mgeni. Lakini shina la habari zake haliko ukutani. Limo katika madaftari ya mahudhurio yatunzwayo na walimu wa madarasa. Mtoto akihama, jina lake hukatwa daftarini, na ubao hungoja mtu wa kuja na chaki. Asipokuja, shule moja huwa na hesabu mbili, na mgeni hana njia ya kujua ya kusadikiwa ni ipi. Wanachuo wa Chuo cha Ualimu Butimba, jijini Mwanza, wanaandaliwa kwa kazi hiyo hiyo ya daftari na ubao.

Adha hii ndiyo iliyowashughulisha watengenezaji wa programu za kompyuta kwa zaidi ya nusu karne. Data zilizohifadhiwa ni daftari; kiolesura, yaani sura ya programu ionekanayo kwenye kioo, ni ubao. Kufungamanisha viwili hivi ni kutia kamba katikati yake, ili kimoja kikibadilika kingine nacho kibadilike pasipo kumngoja mwenye chaki.

Kamba hiyo haikuwako tangu mwanzo. Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Katika zama hizo karani hakuona hesabu zikibadilika mbele yake. Alisoma majibu yaliyochapwa karatasini, na karatasi ikisha kuchapwa haijui yaliyotokea nyuma yake. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na kwa muda elimu hiyo ikaenda polepole.

Ng'ambo kazi iliendelea. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, huko Marekani, alionyesha programu iitwayo Sketchpad: mchoro wa asili ukibadilishwa, nakala zake zote kiooni zilibadilika pamoja nao. Mwaka 1979 Dan Bricklin na Bob Frankston walitoa VisiCalc, jedwali ambalo tarakimu moja ikisahihishwa, jumla hujisahihisha. Mwaka huo huo Trygve Reenskaug, mtaalamu wa Norway aliyekuwa mgeni katika maabara ya Xerox huko California, alipendekeza kwamba data, sura yake na amri za mtumiaji vitenganishwe, kisha viunganishwe kwa taratibu maalumu. Data ikibadilika hutoa tangazo, na kila sura inayoitazama hujichora upya. Jambo hili lataka kufikiriwa: ili vitu vifungwe vizuri, ilibidi kwanza vitengwe.

Baadaye ufundi huu uliwafikia watu wengi. Microsoft Access ilitolewa mwaka 1992, na Visual Basic ya tatu mwaka 1993. Kisanduku katika fomu kiliweza kufungwa na safu ya jedwali kwa kuitaja tu. Kati ya miaka 2005 na 2008 Wizara ya Elimu, kwa msaada wa Sweden, ilipeleka kompyuta katika vyuo vya ualimu vya serikali, navyo ni pamoja na Butimba. Wakati huo huo, mwaka 2006, Microsoft ilitoa WPF, ambayo ndani yake mtengenezaji huandika kifungo chenyewe, nayo programu hukitimiza: cha upande mmoja, au cha pande mbili.

Hicho cha pande mbili kina faida na hatari. Katika fomu ya Access, karani aliyegusa tarakimu kwa bahati mbaya, kisha akahamia kwenye rekodi nyingine, amekwisha kulibadili daftari. Hakuna aliyemwuliza kama ndivyo alivyokusudia. Palipokuwa na uvivu wa chaki, sasa pana wepesi wa kidole.

Tena liko jambo kubwa zaidi. Mwaka 2016 serikali iliamuru wanafunzi wahesabiwe, na mashuleni yakazuka majina ya wanafunzi hewa, walioandikwa daftarini ilhali hawamo darasani. Kosa hilo haliponywi na kifungo chochote. Daftari la uongo likifungwa barabara na kioo, kioo nacho husema uongo, tena papo hapo na kwa unadhifu unaomshawishi mtazamaji.

Basi historia hii yatufundisha kupima sifa za ufundi wenyewe. Umeondoa tofauti iliyokuwa kati ya daftari na ubao, nayo si neema ndogo. Lakini kamba iliyo kati ya daftari na mtoto aliyeketi darasani haijapata kusukwa na mtengenezaji wa programu yeyote. Ingali mkononi mwa mwalimu, asubuhi, aitapo majina na kuinua macho kumtazama aitikaye.